Kumkanda Mama

Muuguzi wa hospitali ya misheni aliniambia nimkande mama miguu, asubuhi na jioni. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi kuanzia vidoleni hadi juu ya vifundo. Basi mimi, mjuaji, nikachemsha maji. Kwetu kukanda ni maji ya moto na kitambaa, kama anavyokandwa mama aliyejifungua. Mama akakaa ametulia kabisa, ananiuliza, "Umeshaanza?" Kesho yake nyayo zake zilikuwa na malengelenge.

"Nilisema mikono!" muuguzi akafoka. "Mikono na mafuta! Huyu hasikii moto, na wewe husikii maneno?"

Nilistahili. Nililia njia nzima kurudi Kamachumu, kwa hasira na kwa uchovu, maana nyumbani nilikuwa na mgonjwa mwingine.

Huyo alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, UKIMWI unapita nyumba hadi nyumba, na kwetu ulishamchukua kaka. Siku ya kumzika kaka, mama alianguka mlangoni, miguu imemkana. Tulizika yeye akiwa ndani, anasikia majembe tu. Sasa aliponiona na kopo la mafuta ya mgando alisema wazi: "Huyu nitamzika kwa miguu yangu. Kanda."

Jamani, unamkandaje mtu kwa ajili ya hilo? Lakini malengelenge yalipopona nilikanda. Kidole kimoja kimoja, kisha kutoka kisiginoni kupanda gotini, halafu nazikagua nyayo kama zina mwiba asioujua. Baada ya hapo mazoezi: anashika mwimo wa mlango, anainua visigino, anashusha. Anazunguka uani amevaa raba za marehemu kaka.

Mdogo wangu alimtazama dirishani akiwa kitandani.

"Mchakamchaka!" aliita kwa sauti iliyobaki, kama kwenye mbio za shuleni.

"Chinja!" mama akajibu, anavuta hatua.

Wote wawili walijua anajiandaa kwa nini. Siku nyingine nilitamani kuwachapa wote. Nilikuwa nimechoka, waitu, ndugu zangu: kumgeuza huyu, kumkanda yule, kupika ndizi ambazo mmoja hazimpiti kooni na mwingine amekatazwa kuzidisha.

"Mama, fanya haraka," mdogo wangu alimtania asubuhi moja. "Nakusubiri wewe tu."

Mama akacheka sana. Kisha akaingia chumbani kwake, hakutoka mpaka mchana.

Mdogo wangu alifariki mvua zilipoanza. Mama alitoka ndani mwenyewe, mkono mmoja begani kwangu, akapita kibanjani kati ya migomba hadi kaburini. Hakuanguka. Alipofika akavua raba. Muuguzi alikuwa amemkataza kabisa kwenda peku, lakini siku hiyo nilizipokea raba mkononi. Akasimama juu ya udongo uliotolewa kaburini.

Miezi yote ile mdogo wangu alikuwa akilalamikia baridi. Tulimfunika kila blanketi tulilokuwa nalo, na bado alitetemeka.

"Mwanangu," mama akaninong'oneza, "mimi sisikii. Udongo una baridi?"

Nami nilikuwa peku. Ulikuwa na baridi ya kuuma.

"Una joto, mama," nikasema.

"Afadhali," akasema, akanishika bega nimvishe raba.