Jezi Ambayo Haikufuliwa

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani pale Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, nangoja anipunguzie kiuno cha sketi, redio yake ikatangaza kwamba mwamuzi mmoja, sijui wa nchi gani, amejitokeza na kukiri kuwa penaliti aliyoitoa haikuwa penaliti. Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akasema mwamuzi wa kukiri kosa hajazaliwa bado, huyo lazima kuna aliyemtisha. Mimi sikucheka. Nilichoka ghafla, nikaegemea ukuta, na fundi akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa nimekula. Ila mwamuzi wa namna hiyo, rafiki yangu, mimi nilimjua. Alikuwa baba yangu.

Siku za kazi baba alikuwa fundi umeme kwenye karakana ya mgodi. Jumapili baada ya misa alikuwa arbitre, ndivyo tunavyowaita waamuzi huku kwetu. Kambi yetu ya wafanyakazi ilikuwa na uwanja wa udongo mwekundu, usio na jani hata moja, na mechi zake zilijaza watu kuliko kanisa. Kazi yangu mimi, binti wa pili, ilikuwa kufua kaptura yake nyeusi na kusugua filimbi kwa majivu mpaka ing'ae. Niliifanya kwa kunung'unika, kama watoto wote, lakini Jumapili nilipoisikia ikilia nilijiona nami nina sehemu yangu pale.

Alikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa mwamuzi mwingine. Kabla ya mechi aliziita timu zote mbili katikati ya uwanja, watazamaji wakanyamaza, naye akataja makosa yake ya Jumapili iliyotangulia. "Bandugu, posho yenye ilipita nilikosa. Ile korneri haikukuwa korneri." Posho kwetu ndiyo wiki, kwa sababu kila wiki kampuni ilitugawia unga, maharagwe na samaki wakavu, na watu wakazoea kuhesabu siku kwa chakula. Wakishamsikia walimpigia makofi, wakamtania macho yake, mpira ukaanza. Mama alikuwa akisema mumewe anatubu kuliko parokia nzima, ila akivuka mlango wa nyumba yake hakosei hata mara moja.

Ng'ambo ya ua wetu aliishi karani wa bohari, beki wa timu ya karakana. Wazazi wake waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kolwezi, na huko Kasai hakuwahi kukanyaga. Mke wake na mama yangu walitwangia sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kimoja, wakipokezana mchi na maneno ya watu. Bukari yao, yaani ugali, ilichanganywa na unga wa muhogo, yetu ilikuwa mahindi matupu, na watoto wa nyumba zote mbili tuliamini kwamba tamu ni ile ya upande wa pili. Saa za kula tulikuwa tukipishana uani, sisi tukienda kwao, wao wakija kwetu.

Halafu mgodi ukaanza kufa. Mishahara ilichelewa, kisha ikasahaulika. Ugawaji wa chakula ukakoma, neno posho likabaki peke yake. Sabuni ilipotea madukani, kaptura ya baba nikawa naifua kwa maji na kuipiga juu ya jiwe. Na njaa ilipokaa, akatafutwa wa kulaumiwa, wakaonekana watu wa Kasai: wamechukua kazi, wamechukua nyumba, warudi kwao. Wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Nililisikia neno hilo sokoni, nikalisikia kisimani, nikalisikia kwa watu tuliokuwa tukipiga nao magoti kanisani.

Mechi ninayokusimulia ilichezwa wakati huo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mpira ulikuwa mzito kwa matope. Zilibaki dakika chache, timu ya karakana ikitafuta sare, mshambuliaji wa upande wa pili akapiga shuti kali na jirani yetu akajirusha mbele yake. Baba alikuwa nyuma ya jirani, akaona mkono umeinuka. Akapuliza filimbi, akaonyesha penaliti, ikafungwa, karakana ikalala.

Mimi na mke wa jirani tulikuwa tumesimama kando ya uwanja, upande alioelekeza kifua. Mpira haukugusa mkono. Jirani alipogeuka tuliona jezi yake nyeupe ina duara la tope katikati ya kifua, limekamilika kama alama ya kitako cha sahani.

Kama ingekuwa mwaka mwingine, mambo yangeishia kwenye utani. Lakini kabla watu hawajafika majumbani, vijana waliokuwa wakizunguka kambini na marungu walikwishapata la kusema: kilulu ameshika mpira kwa makusudi, ameuza mechi ya watoto wa nchi. Siku ya pili mawe yaligonga bati la nyumba yake. Siku ya tatu mtu alichora msalaba wa makaa kwenye mlango, na kwenye kambi ile kila mmoja alijua milango yenye msalaba inangoja nini.

Ile jezi mke wake alikataa kuifua. Aliitundika kwenye kamba, upande wa kwetu, duara likitutazama. Mama alipomuuliza alijibu bila hasira, "Sitaifula. Itabakia apa mpaka arbitre aione." Baba aliiona. Aliiona kila asubuhi alipokuwa akipiga mswaki uani, na siku ya nne akahamia mbele ya nyumba kupiga mswaki huko.

Alhamisi jirani alivuka ua. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Tata arbitre," akasema, "siku ya Mungu utasema, sawa yenye unasemaka kila posho?" Hakuomba zaidi ya hilo, neno moja Jumapili inayokuja. Vijana wangekuwepo uwanjani, kambi nzima ingekuwepo, na neno la baba yangu juu ya mpira lilikuwa likiaminika. Angesema ni kifua, wangekosa kisingizio, pengine ule mlango ungepitwa. Baba akamjibu, "Nitasema." Nilikuwa pale, naosha vyombo. Aliahidi.

Jumamosi jioni mama alikuwa akichambua maharagwe machache tuliyokuwa nayo. Alisema bila kuinua kichwa, "Uko na batoto sita." Kwa miaka mingi nilimchukia mama kwa maneno hayo. Siku hizi nina watoto wangu mwenyewe, na nguvu ya kumchukia imeniishia.

Jumapili ilifika. Baba aliziita timu katikati, kama kawaida. Vijana walikuwa wamejipanga kandokando ya uwanja, marungu mabegani, hawapigi kelele. Jirani hakupangwa kwenye timu. Alisimama karibu na korneri na mke wake, na mke wake aliikunjua ile jezi akaishika mbele ya kifua chake, duara likionekana. Uwanja mzima ulinyamaza kumngoja baba. Nilimwona akifumbua mdomo. Nilimwona akiwatazama wale vijana, halafu akatazama saa yake, akaweka filimbi mdomoni, akaanzisha mechi.

Mke wa jirani aliikunja jezi polepole, pembe kwa pembe. Waliondoka kabla ya mapumziko.

Kesho yake waliamriwa na wale vijana wawe wametoka jua likiwa bado juu. Walibeba godoro, masufuria na watoto, wakaenda stesheni kulala chini ya maturubai pamoja na maelfu wengine, wakingoja treni ya kuwapeleka njia ya Lubudi hadi Kasai, kwenye nchi wasiyoijua. Kinu kilibaki kwetu. Mama hakukitumia tena, tukala sombe ya kukatwakatwa kwa kisu.

Baada ya siku tatu baba alinibebesha kifuko cha unga, tukaenda stesheni. Tulitembea sana kati ya watu waliolala, wengine wagonjwa, kukinuka choo na moshi, mpaka tukawaona. Jirani alisimama kumpokea, akamwita tata, yaani baba, kama siku zote, na hilo lilinichoma zaidi. Baba akavua kofia. "Nilikosa," akasema. "Ilikuwaka kifua."

 Jirani hakukasirika. Alionekana mtu aliyechoka kupita kiasi. "Mi najua, tata," akajibu, akaelekeza kidevu upande wa kambini. "Bale njo habajue." Akaupokea unga, akashukuru, akarudi kukaa karibu na watoto wake. Hatukupata habari zao tena, mpaka leo.

Baba hakupuliza filimbi tena. Lile kosa alilikiri kwa kila aliyekubali kusikiliza: kwa padri, kwa foleni ya maji, kwa wageni wa msibani. Wote walikuwa watu ambao hawakuwepo uwanjani siku ile. Alizeeka akilisema, na alipofariki niliona haya kugundua kwamba nimepumzika kidogo. Uwanja wenyewe umechimbwa, mashimo ya wachimbaji yamekula magoli yote mawili, na hakuna anayeweza kukuonyesha ile korneri ilikuwa wapi.

Mmoja wa wale vijana bado yupo. Ni mzee sasa, anauza mkaa njia ya kwangu, huniongezea kipande kila ninaponunua. Nilipotoka kwa fundi siku ile sikwenda nyumbani. Nilisimama mbele ya magunia yake, nikamwambia kwamba mimi ni mtoto wa yule arbitre wa kambini, na kwamba ule mpira, siku ile ya penaliti, uligonga kifua.

Alinitazama kwa upole, akijaribu kweli kukumbuka, mikono yake myeusi imetulia juu ya gunia.

"Mupira gani, mama?"