Kadi Iliyovua Lebo Asembo Bay

Asubuhi ya tatu, sista mkuu wa kituo cha afya pale Asembo Bay alinipokea kwa chai ya maziwa na swali lile lile la jana: leo kompyuta itaona? Alimaanisha kompyuta mpya ya kliniki ya wajawazito. Ilitakiwa kupokea picha za mtoto tumboni kutoka kwenye mashine ya ultrasound na kuzituma kwa daktari aliyekuwa Kisumu mjini, ili mama asisafiri siku nzima kwa ajili ya picha moja. Mimi ndiye niliyeahidi kuimaliza kazi hiyo kwa nusu siku.

Waya mmoja tu ndio uliofika kwenye kompyuta hiyo, nao ulibeba mitandao miwili, wa simu na wa picha. Ili isichanganyike, kila kifurushi cha data ya picha kilibandikwa lebo, yaani namba ndogo inayosema ni cha mtandao gani. Simu zilifanya kazi vizuri. Picha haikupita hata moja.

Siku ya kwanza nililaumu swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao. Siku ya pili nililaumu waya, na aliyeutandaza. Alikuwa fundi wa makamo kutoka Katito. Nilimpigia simu nikamwambia, bila hata kumwamkia vizuri, kwamba kazi yake imeharibu yangu. Alikuja na pikipiki yake, akafukua waya uani, akapima kila kiungo mpaka jasho likalowesha shati. Kisha akanijia taratibu.

"Madam, waya wangu hauna shida," akasema. "Tafuta upande wako."

Usiku huo sikulala vizuri, kwa aibu zaidi kuliko kwa uchovu.

Asubuhi hiyo ya tatu fundi alirudi bila kuitwa. Alisema na yeye anataka kujua. Kwenye benchi aliketi mama mmoja mwenye tumbo kubwa, ametoka ufuoni. Sista alikuwa amempapasa akahisi watoto wawili, lakini mama alitaka kuwaona kwa macho yake. Sista alinieleza hayo kwa sauti ya chini, hakunisukuma.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilichomeka waya ule ule kwenye laptop yangu kuukuu, nikafungua programu inayoonyesha kila kifurushi kinachopita. Lebo zilikuwepo, zote. Nikaurudisha waya kwenye kompyuta mpya, nikafungua programu ile ile. Vifurushi vile vile viliingia, lakini uchi, bila lebo. Kumbe picha zilikuwa zinafika siku zote! Draiva ya kadi ya mtandao, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi hiyo inayopokea waya, ndiyo iliyokuwa ikivivua lebo mlangoni na kuzitupa. Vikishafika ndani hakuna aliyejua ni vya nani.

Nilicheka peke yangu mpaka sista akachungulia.

Kwenye mipangilio nilikiona kipengele cha kuvua lebo, nikakizima. Draiva haikujali, ikaendelea kuvua. Nikaiondoa kabisa, nikaweka toleo lake la zamani, nikakizima kipengele tena, nikawasha kompyuta upya. Fundi alisimama nyuma yangu ameshika kofia mkononi. Lebo ya kwanza ikatokea kwenye skrini, halafu zikafuatana.

Sista alimlaza mama, akapitisha kifaa tumboni. Sauti ya daktari ikatoka kwenye spika, ametulia kabisa: "Naona wawili. Mioyo yote inapiga vizuri."

Mama alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Sista alisema mikono yake ilikuwa imeshamwambia, akatoka kwenye korido kana kwamba ana shughuli. Nilimwona kupitia mlango akicheza hatua tatu, nne, peke yake, kisha akanyoosha sare yake na kurudi.

Nilimgeukia fundi nikamwambia mbele yao, "Baba, nilikukosea. Nisamehe."

Alivaa kofia kwanza. "Ungejua mapema kuwa ni kadi, mimi ningekuwa nyumbani," akasema. "Na hao wawili ningewaonea wapi?"

Mchana tulikula ngege, samaki wa ziwani, kwa ugali jikoni mwa kituo, sisi watatu, na fundi akanifundisha namna yake ya kupima kiungo cha waya kilichozikwa. Kabla ya kuondoka nilibandika karatasi kwenye kompyuta: draiva hii isibadilishwe.

Wiki kadhaa baadaye sista alinipigia simu. Mama alikuwa amejifungua Kisumu, kama daktari alivyoshauri: wasichana wawili, wazima, na mmoja ana sauti kubwa kumshinda mwenzake. Nilikuwa juu ya ngazi katika ofisi moja mjini, koleo mkononi. Nilishuka chini kwanza, nikakaa sakafuni, nikamwomba anisimulie tena tangu mwanzo.