Jina Lililoishia Kwenye Nang

Nakumbuka siku moja nilipomwambia mtu apunguze jina la baba yake, na mpaka leo nikiiwaza nacheka kwa aibu.

Mwanangu, ilikuwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa fundi kwenye duka la intaneti la Bi Somoe, Nachingwea mjini. Kompyuta sita, zote nilizitia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa mikono yangu, nami nilijiona hakuna kama mimi kusini nzima. Mteja akilalamika, jibu langu lilikuwa moja tu: "Umebonyeza vibaya."

Basi akaja binti kutoka Nandagala, kule Ruangwa, akiitwa Asha Nang'unda. Alitaka kujaza fomu ya chuo cha uuguzi mtandaoni, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa kumi alasiri ile ile. Kila akiandika jina, linaishia "Nang". Herufi zilizobaki hazionekani.

"Kaka, kibodi yako inakula jina langu."

"Kibodi haili, dada. Umebonyeza vibaya."

Nikaandika mwenyewe, kwa maringo. Nang. Nikabadilisha kibodi, nikazima mashine, nikawasha. Nang! Saa nane ilishapita, jasho linanitoka. Nikasema, "Weka Nangunda tu, bila hiyo ritifaa. Nani atajua?"

"Cheti changu kitajua," akajibu, machozi yakimlengalenga. "Na baba yangu je? Niende chuo kwa jina la nani?"

Bi Somoe akainuka kitini. "We Saidi! Muda wote huo unahangaika na kibodi, kioo cha kompyuta umekitazama? Kaa hapo. Yeye aandike, wewe funga mdomo."

Nikakaa. Asha akaandika polepole, herufi moja moja. Alipobonyeza ritifaa, kile kialama cha juu cha ng', chini kabisa ya kioo kikafunguka kisanduku chembamba cha kutafutia maneno. "Unda" yote ikaingia humo. Lo! Kumbe jina halikuliwa, lilikuwa limekaa pale chini muda wote.

Nikajaribu kwenye programu ya kuandikia barua, ritifaa ikatoka vizuri. Kibodi ilikuwa nzima, na Asha alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao. Kwenye fomu ile kilidhani ritifaa ni amri ya kutafuta. Tukaandika jina kwenye barua, tukalinakili, tukalibandika kwenye fomu. Likakaa zima! Fomu ikaenda saa tisa na nusu, na Asha akapiga kigelegele mpaka wapita njia wakachungulia.

Mimi nilifurahi, lakini moyo uliniuma. Naitwa Saidi Bakari, jina langu halina ritifaa, ndiyo maana sikuwahi kuliona tatizo. Wenye ng' wangapi walishanilalamikia, nami nikawaambia wamebonyeza vibaya?

Asha sasa ni muuguzi Ruangwa. Kifuani jina lake limeandikwa zima, na kila nikienda ananitania, "Kaka, leo umebonyeza vizuri?"

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikwambia kitu kimeharibika, usianze kumkagua yeye. Kaa kando yake, mwache afanye taratibu, nawe tazama kioo chote mpaka chini. Na usimwambie mtu apunguze jina lake ili wewe usionekane umeshindwa kazi.

Mungu akupe subira ya kutazama, na popote utakapoandikwa, uandikwe mzima, pamoja na vialama vyako vyote. Amina.