Nondo Hawa, Si Nondo Hizi

Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, mjomba husimama mbele ya ukuta wa choo cha nje. Taa ya pale huwaka mpaka kuche, na asubuhi ukuta unakuwa umejaa nondo, wale vipepeo wa usiku: wa kahawia, wa kijani, wengine kama vipande vya karatasi iliyoungua. Huwaandika kabla kuku hawajafika. Mama, ambaye ni dada yake, humwambia, "Kaka, wenzio wakiamka wanamkumbuka Mungu, wewe unakumbuka choo."

"Mungu hajambo," humjibu. "Tumepishana hapo mlangoni."

Mjomba alikuwa mtunza stoo wa ofisi ya ujenzi. Kwa miaka kumi na moja ameandika kila aina ya nondo wa kisiwa hiki. Hakusomea, wala hakuna aliyemtuma. Anasema kama kisiwa kinahesabu watu na mbuzi, hao nao wamekosa nini? Aliandika kwenye daftari la stoo kwa sababu lina mistari mizuri, kisha akaliweka rafuni pamoja na daftari la saruji na la misumari. Hapo akili ilikuwa imekwenda likizo.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mtu wa tai fupi na tumbo refu. Nilikuwa nimempelekea mjomba chakula, nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Mkaguzi akavuta lile daftari, akasoma kwa sauti.

"Nondo, mia nne na kumi na mbili. Mbona humu naona sita?"

"Wengine wako nje, mheshimiwa."

"Nje wapi?"

"Wametawanyika. Wengi wako chooni kwangu."

Mkaguzi akafunua ukurasa. "Namba mia na kumi na nane, ameliwa na mjusi." Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mjusi gani anakula chuma?"

"Mdogo tu. Wa ukutani."

"Nauliza, nondo hizi ziko wapi?"

"Sema nondo hawa, mheshimiwa. Ukisema hizi, unazungumzia vyuma."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya vyuma."

Meneja akaitwa. Alielewa mara moja, maana hata kwake kuna taa. Lakini mkaguzi alikuwa ameshapiga simu kwamba nondo mia nne hazionekani, na mkubwa akishapiga simu huwa hakosei. Ikatafutwa njia: mjomba asaini kwamba nondo zimeliwa na kutu, daftari liingie kwenye faili, liende makao makuu, yaishe.

"Saini, ndugu yangu," meneja akamnong'oneza. "Kutu haina kesi."

"Na daftari?"

"Daftari ni la ofisi. Anza lingine. Si bado wanakuja ukutani?"

"Yule wa mia tatu na tisa nilimwona asubuhi moja tu, mwaka aliofariki mama yetu. Nimwambie arudi?"

Mkaguzi akasukuma karatasi na kalamu mezani. Mjomba akaisoma ile karatasi taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Hawana kutu," akasema.

Akaweka funguo za stoo juu ya karatasi, akalitia daftari kwapani, akatoka. Mkaguzi akamwita mara mbili, mara ya pili kwa cheo chake. Meneja alimpigia simu wiki nzima, kwamba aje wayazungumze kiutu uzima. Hakurudi.