Siku Cherehani Alipofunga Mdomo

Mtafiti huyu jina lake la nyumbani ni Cherehani, na si kwamba anashona. Ni mdomo. Ukishaanza kukimbia, hakuna wa kuushika. Hata siku ya ndoa mashahidi waliweka sahihi yeye akiongea. Mama mkwe wake, kikongwe mwenye shingo ngumu, alikaa kwake wiki moja tu akafunga virago. "Mimi nimezoea kusikilizwa," alisema mlangoni. "Sikuja hapa kusikiliza." Akahamia kwa binti yake, wifi wa Cherehani.

Sasa mtu kama huyo, riziki yake ikaangukia kwenye RNA. Ndani ya kila seli ya mwili kuna amri zimehifadhiwa, na RNA ndiyo nakala ya amri inayotumwa kazini: tengeneza hiki, acha kile. Kwenye saratani kuna amri zinazotumwa bila breki, seli zikagawanyika tu kama zimelogwa. Cherehani alikuwa akitafuta ni amri zipi hizo. Lakini RNA inadeka kuliko kitindamimba. Tone la mate likirukia ndani ya kijichupa, vilivyomo kwenye mate vinaikatakata, kwisha habari. Na barakoa ya Cherehani haikai: akianza maneno, inateremka mpaka kidevuni.

Alikuwa keshaharibu nusu ya kinyama cha uvimbe wa mwalimu mmoja. Mama wa watu alikitoa kwa hiari siku ya upasuaji, akasema kisipomfaa yeye kitamfaa mwingine. Cherehani akakiharibu akisimulia harusi ya jirani! Mkuu wa maabara hakupiga kelele. "Nusu iliyobaki ndiyo hiyo," alisema. "Ukiiharibu, meza hii huigusi tena. Na huyo mwalimu utamweleza mwenyewe."

Basi asubuhi ile aliingia kazini kajifunga mdomo kweli kweli. Hata salamu aliitikia kwa nyusi. Akafika hatua ya mwisho: RNA safi, ndani ya maji, kijichupa wazi, anaigawa kidogo kidogo. Hapo ndipo wifi yake, fundi wa mashine wa chumba hicho hicho, alipovuta kiti. Alikaa mbali na meza, barakoa yake imekaza vizuri, macho yanacheka.

"Wifi, nina jambo la familia."

Cherehani akamtolea jicho.

"Mama amenichosha. Anafunua sufuria zangu kama askari wa forodha. Nimeona arudi kwenu. Kama una pingamizi, sema."

Cherehani akagawa tone jingine.

"Sikusikii."

Cherehani akatikisa kichwa, polepole, asije akamwaga.

"Shingo inakuuma? Pole. Basi nitamwambia umefurahi. Na kile chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, mtampa yeye. Au nimekosea?"

Jamani, maneno yalimjaa mwanamke yule mdomoni. Akakitazama kijichupa. Akamkumbuka mwalimu alivyomshika mkono kabla ya kusukumwa chumba cha upasuaji. Akayameza yote, na miiba yake.

"Siku zote nasema wewe ni mkwe mwema," wifi akasema, akatoka kwenda kupiga simu.

Vijichupa vikafungwa, mashine ikapima. RNA nzima, haijakatika. Mkuu akatazama mara mbili, akasema neno moja tu, "Endelea." Cherehani akapumua kama aliyetua gunia, akavua barakoa, akatoka mbio hadi ukumbini kuyamwaga maneno yaliyokuwa tumboni. Kabla hajaanza, wifi akambandika simu sikioni.

"Wewe," ilikuwa sauti ya mama mkwe, "eti umeulizwa mambo yote hayo ukanyamaza?"

"Nilinyamaza mama, lakini ni kwa sababu..."

"Na habari ya chumba cha mbele?"

"Mama, pale kulikuwa na RNA ya..."

"Sikuulizi ya nani! Kinyama cha mtu baki unakinyamazia, mimi niliyekuzalia mume hata salamu yangu hujawahi kuiacha ikaisha!"

Cherehani akafungua mdomo.

"Nilikuwa nimekataa kuja," kikongwe akaendelea. "Huyu binti yangu aliponiambia umenyamaza kwa ajili ya kijichupa, nikamwambia, 'Mwongo mkubwa we.' Sasa nakuja. Na hicho kijichupa chako uje nacho nyumbani, utuwekee mezani tukila. Kiwe wazi."