Bateau ya Martinique, hata nitapike

Leo agence nzima ya tiketi za safari, hapa Porte de Namur, ilinicheka. Sijutie kitu!

Bibi yangu, mama wa mutoto wetu Chance, anataka kuona dada yake Martinique. Ndege kubwa ya bei yetu inaishia Guadeloupe. Kutoka pale, unachagua: kandege kadogo ao bateau ya kuvuka bahari.

Maman wa kuuza tiketi, Mulushois wa kwetu, akasema: "Bahari inachafuka kule. Mupande ndege."

Bibi akanikamata mukono. "Ile kubwa nitafumba macho. Kale kadogo siingie. Heri nibakie kwetu hapa Forest."

Bon, nikatoa kifua. "Maman, mimi mutoto ya Goma! Bateau ndiyo ilinilea!"

Bibi, bila huruma: "Papa Chance, si ulitapikia kikwembe nilijifunga, mu bateau, toka Goma mupaka Bukavu?"

Bantu wote mule ndani wakacheka mupaka machozi.

Et alors, kisha nini? Nitatapika tena! "Maman, andika bateau, bantu mbili."

Munaosoma na kucheka, mutume dawa ya kichefuchefu. Bibi atakumbatia dada yake, mimi nikiwa nimelala chini kwenye port ya bateau, mushindi.