Kumtoa Babu kwenye Orodha ya Wafu

Ko, ko, ko. Fimbo ya babu yangu ikigonga sanduku la bati uvunguni mwa kitanda: mlio huo ninao masikioni hadi leo. Alianza kugonga hivyo siku aliyorudi kutoka mjini, alikokwenda kuandikishwa kama askari mstaafu wa vita vya Burma. Akishagonga, aliita kwa sauti nene, "Marehemu anaomba chai!"

Tulicheka sote, maana orodha ya Waingereza aliyosomewa huko ilisema kwamba Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, aliuawa Burma. Lakini mstari wa chini yake ulisema rafiki yake Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, alitoroka jeshini. Kufa kwake Babu alikucheka. Kutoroka kwa Maganga kulimliza.

Aliyekufa alikuwa Maganga. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani huchukua kitu chako bila kuomba, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Asubuhi moja Babu akiwa anaoga, Maganga alinyakua kibati chake cha jina, akakivaa shingoni na kuzunguka kambi akitangaza, "Mimi Kondo, vita vimenishinda, nipeni uji wa mgonjwa!" Babu naye, kulipiza, akavaa cha Maganga. Hawakuwahi kurudishiana. Mizinga ilipiga, Maganga akazikwa na jina la Babu, na Babu akabebwa hospitali na homa kali. Alieleza kwa kila mtu, wakaona anaweweseka. Alipopona, kibati cha Maganga hakikuonekana tena, naye akapakiwa melini na wagonjwa wengine bila kuulizwa kitu. Maganga alipokosekana kwenye hesabu, akaandikwa mtoro.

Kule Tabora, mdogo wake Maganga, Bibi Nyamizi, alizeeka akiitwa dada wa mtoro.

"Mjukuu wangu Tatu," Babu aliniambia, "nikifa hili halijanyooshwa, nitamtazama Maganga na macho gani?"

Ikatokea Shangazi Mwanahamisi, binti yake Babu anayehudumia wagonjwa London, akapasuliwa goti, akatuma tiketi apate mtu wa kumsaidia nyumbani. Nilichaguliwa mimi, kwa sababu nilimaliza darasa la saba na kwa sababu nilijisifu kwamba Kiingereza nakijua. Nilikijua kweli. Chote kilienea kwenye kurasa nne za daftari.

Kabla ya kuondoka nilitafuta picha ya Babu ya kupeleka kwa wakubwa. Zote alikuwa anacheka hadi magego. Nikasema Ulaya si mahali pa kuchekacheka, nikampeleka studio na kumwamuru afumbe mdomo. Ilitoka picha ya mzee aliyemeza kifungo. Mimi nikaiona ya heshima sana.

Walthamstow, kitongoji cha London ambako Shangazi anaishi, niliingia Jumapili. Nyumba zimeshikana bega kwa bega mtaa mzima, nami nilikuwa nimeota theluji, nikapokewa na manyunyu. Kesho yake nilitumwa viazi kwenye soko lao la barabarani, refu kama foleni ya sukari. Nilimsalimia kila muuzaji, nikingoja ajibu ndipo nipite. Niliporudi, Shangazi alikuwa dirishani, mguu juu ya stuli.

"Mwanangu, ulikwenda kuvilima?"

"Nilikuwa nasalimia, Shangazi."

"Hapa ukisalimia kila mtu, viazi vitachipua mkononi."

Jumanne alinielekeza ofisi ya kumbukumbu za askari, Hayes, upande wa pili wa London. "Treni inaanzia hapa hapa kwetu," alisema. "Inakwenda upande mmoja tu. Hata wewe huwezi kupotea."

Nilipotea. Behewa lilikuwa na joto zuri, nikasinzia, nikaota naamkiwa na Malkia kwa Kiswahili. Treni ikanifikisha mwisho wa reli na kunirudisha, nikazinduka Walthamstow, mahali nilipopandia. Nilianza upya nikiwa nimesimama wima, nikabadili treni kwa kuuliza, na adhuhuri nikafika Hayes, kwenye maghala na ndege zinazopita chini hata nikawa nainamisha kichwa. Watu wa pale hawakuinamisha.

Karani aliyenipokea alikuwa mzee mrefu mwenye nywele nyeupe. Koti lake lilining'inia kwenye kiti, kitambulisho chenye picha yake kimebanwa mfukoni. Alifungua mafaili mawili, akanisikiliza kwa subira, nami nikazimaliza zile kurasa nne.

"Sielewi jambo moja," alisema. "Kwa nini askari avae kibati cha mwenzake? Ni kosa kubwa. Aliiba?"

"Hakuiba. Ni mtani wake."

"Mtani ni nani? Ndugu?"

"Hapana. Ni mtu anayekutukana, na ukifa ndiye anayekuchimbia kaburi."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikaona Maganga ananiponyoka mikononi. Kiingereza kilikuwa kimeniishia, nikainuka, nikalichukua koti lake pale kitini na kulivaa, mikono ikinifika magotini.

"Sasa mimi ndiye karani!" nikasema. "Wewe nyamaza, niletee chai!"

Dada wa meza ya pili alidondosha kalamu. Nilidhani naitiwa polisi, lakini nilikuwa nimeshajiaibisha, nikaona afadhali nimalize. Nikagusa kitambulisho kifuani.

"Nikitoka nje hivi, basi likanigonga na kuniharibu uso, watampigia simu nani?"

"Mke wangu," alisema.

"Watamwambia nini?"

Alivuta faili la Babu, akapekua hadi karatasi ya mwisho, iliyoandikwa na waliomzika marehemu. Akanisomea polepole: meno mawili ya juu ya mbele yamechongwa, yameacha pengo katikati. Hiyo ndiyo desturi waliyokuwa nayo Wanyamwezi wa zamani. Kwetu hakuna aliyechonga.

"Babu yako ana meno gani?"

Kwa madaha nikampa picha ya heshima. Akaitazama, akanitazama.

"Binti, mdomo umefumbwa."

Laiti sakafu ingepasuka! Nilimtoa Babu Kisarawe, nikamvusha bahari, kisha nikawa nimemfunga mdomo mwenyewe asijitetee. Nilirudi Walthamstow nikilia treni nzima, safari hii bila kusinzia. Shangazi alinisikiliza, akanyoosha mkongojo kuelekea ukutani. Kwenye picha ya harusi yake, Babu alikuwa ameangua kicheko, meno yote yanahesabika.

"Tangu Jumapili unaipangusa vumbi hii," alisema. "Hukuiona?"

Jumatano niliipeleka na fremu yake. Karani aliisogeza kwenye mwanga, akaanza kutabasamu kabla hajasoma chochote. Meno ya juu yalikuwa mazima, yamebanana, hayajaguswa na patasi. Akachukua kalamu na fomu mbili. Kwanza, lakini, alihamisha koti lake kwenye ndoano ya mbali.

Wiki ya sita, goti la Shangazi likiwa limepona, zilifika barua mbili. Moja ilisema Kondo yu hai. Nyingine, yenye jina la Bibi Nyamizi, ilisema Maganga hakutoroka: alikufa vitani Burma, kambini, pamoja na wenzake.

Niliporudi, Babu hakuniruhusu hata kufungua mizigo. Tulipanda treni ya Tabora, naye njia nzima barua ya Maganga aliikalia ili isipeperuke. Kwa Bibi Nyamizi tulikuta turubai la matanga limetandikwa na majirani wamejaa, maana tulitanguliza habari. Babu alijilaza mlangoni kama mtani apaswavyo, akazuia njia.

"Hapiti mtu! Mtumwa wangu amekufa na jina langu, nataka fidia ya kuku!"

Bibi Nyamizi alisimama juu yake, kiuno amekifunga kanga, machozi yanamdondoka hadi kidevuni.

"Mzaramo wewe! Kaka yangu amekufa zamani zote hizo ndiyo kwanza unafika matangani? Ulikuwa wapi, ngomani?"

Babu alitaka kujibu, kikamtoka kilio. Bibi akapiga magoti akamshika kichwa, wakalia pamoja, kisha mmoja wao, sijui nani, akaanza kucheka. Mimi niliyejidhania mjuzi wa heshima nilijifunza hapo kwamba kuna heshima inayotaka mdomo wazi.

Asubuhi iliyofuata nilitoka wenyeji wakiwa bado wamelala. Kwenye ukuta wa baraza la kijiji kuna majina, yamepakwa rangi, ya vijana wa pale waliokwenda vitani wasirudi. Ni saba. Nilivuta gogo, nikapanda, nikatoa chaki niliyoiomba kwa mwalimu jirani. Nikaandika la nane, herufi kubwa kubwa, mstari ukinipanda kilima kama kawaida yangu: MAGANGA. Nikashuka, nikalirudisha gogo mahali pake.